Matangazo Mawili ya Mbio za Maili Tatu

Hapa Garissa bado kuna watu wanaosimulia kisa changu kwenye vibanda vya chai, na wakifika mwisho hucheka mpaka wakashika mbavu. Wanasema mwalimu mmoja aliwahadaa wakubwa mchana kweupe, tena kwa kipaza sauti chao wenyewe. Wakinikuta njiani wananipa mkono kama shujaa. Nimechoka na mikono hiyo. Kisa kilimpata mtu, na mtu mwenyewe hakuwa mimi. Nitakieleza kama kilivyokuwa, kisha anayetaka kucheka akachekee mbali.

Ilikuwa wakati wa vita, vile ambavyo serikali iliviita vya shifta na mama zetu wakaviita fita tu, kwa f yao ya Kisomali. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa papa hapa. Kisomali nilikinyonya kwa mama. Kiswahili nilikipata shuleni, na hapa kwetu kilikuwa lugha ya ofisi, ya soko na ya askari.

Kazi ya kutangaza michezo nilifundishwa na mwalimu mwenzangu, Mtaita mmoja aliyeota mvi kabla ya wakati wake. Kabla mambo hayajaharibika tulikuwa na michezo ya shule kila mwaka. Siku moja alinisikia nikiwafokea watoto kutoka upande wa pili wa uwanja, akaja akaniambia, "Sauti unayo. Ila huna p."

Nikamuuliza maana yake.

"Unasema bolisi. Unasema babai, unasema bokezana vijiti. Sasa kaa hapa."

Alinikalisha kwenye kiti, akanishikia karatasi mbele ya midomo. Papai. Pipa. Polisi. Pokezana. Karatasi ikitikisika, nimesema p. Ikitulia, nimesema b, turudie. Tulirudia majuma mawili, wanafunzi wakichungulia dirishani na kuvunjika mbavu. Alinifundisha na mengine: waite wakimbiaji mara tatu, polepole. Mwanzishaji akiinua bastola, nyamaza kabisa, kwa sababu mtu anayekusikiliza wewe atachelewa kusikia mlio. Na usitangaze mshindi mpaka karatasi ifike kutoka meza ya waamuzi ikiwa na sahihi. Niliipenda kazi hiyo kuliko ualimu wenyewe. Nilipenda namna uwanja mzima unavyogeuka kukuangalia huku hawakuoni, wanaangalia honi mbili za bati juu ya mlingoti.

Vita vilipokuja michezo ikafa. Ikaja kafyu, zikaja karatasi za ruhusa ya kutembea. Wachungaji waliokuwa porini wakakusanywa kwa nguvu na kufungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa miiba na seng'enge, watu waliozoea kukaa mbali na jirani kiasi cha mlio wa kengele ya ngamia. Humo ndani vibanda viligusana. Mifugo ilikufa kwa kukosa malisho, na iliyobaki nje ilichukuliwa au ikapigwa risasi. Sisi wa mjini tuliviona vijiji hivyo kila siku, tukajifunza kutoviangalia. Hilo nalo linanitia hasira, lakini siku yake ni nyingine.

Mwaka wa tatu wa vita, ofisa mmoja alikuja shuleni. Sitasema alikuwa wa idara gani. Alikuwa mtu msafi, mwenye sauti ya chini, na alitaka michezo irudi.

"Kuna wageni wanatoka Nairobi," alisema. "Mmoja ana kamera. Waone askari na wananchi wanakimbia pamoja. Mwalimu, wewe ndiye mtangazaji?"

Nikasema ni mimi. Ningeweza kusema kifua kinaniuma. Moyo wangu uliruka kwa furaha, sitaficha.

Kesho yake tukapanda Land Rover mpaka kijiji kimoja nje ya mji. Kipaza sauti kilikuwa kimefungwa juu ya gari, kinakula betri ya gari hilo hilo. Ofisa alinipa maikrofoni akaniambia niwaambie kwa lugha yao kwamba wanaume wenye mbio waje.

"Na waambie atakayekuja atarudi kwake jioni. Hakuna atakayemgusa."

"Ni kweli, afande?"

"Wewe tangaza."

Nikatangaza. Watu wakaja kwenye seng'enge, wakasimama. Bibi mmoja mwenye shuka jeusi aliniuliza kwa Kisomali, "Hiyo sauti ni yako au ya gari?"

"Ni yangu, eeddo," nilimjibu, kama mtu anavyomwita shangazi yake.

"Basi tutakukumbuka."

Wanaume kama kumi walijitokeza. Mmoja alikuwa mrefu, wa miaka thelathini hivi, miguu yake myembamba kama fito za kujengea. Alikuwa mchunga ngamia kutoka upande wa Habaswein. Aliniuliza maili tatu ni umbali gani. Nikamwonyesha: kutoka hapa mpaka mtoni Tana, halafu urudi, na kidogo zaidi.

Akacheka. "Huko si kukimbia. Huko ni kumfuata ndama mtoro."

Mkewe alikuwa nyuma yake, mtoto mgongoni. Alimvuta shuka. "Usiende. Mtu akionekana huchukuliwa."

"Huyu ni kijana wetu," mumewe alimwambia, akaninyooshea kidole. "Amesema nitarudi."

Karani aliyekuja na ofisa alikuwa na daftari la kijiji. Aliandika jina la yule bwana kama lilivyokuwa humo, jina moja tu, fupi. Mimi na yule bwana tukaendelea kusalimiana kwa Kisomali, kama wageni wawili wanavyosalimiana: wewe nani, mtoto wa nani, wa watu gani. Akanitajia jina lake, la baba yake, la babu yake, na ukoo. Jina la kwanza halikuwa lile la daftarini. Nililisikia hilo. Nilidhani karani amekosea, maana makarani walikosea majina yetu kila siku, nikaliacha lipite.

Siku ya michezo ilikuwa ya jua kali hata kwa Garissa. Mistari ya chokaa ilipeperushwa na upepo kabla ya saa tatu. Wageni walikaa chini ya turubai. Watu wa mjini walijaa upande wa jua, na wa vijijini walikaa chini kwa safu, askari mbele na askari nyuma. Meza yangu ilikuwa karibu na meza ya waamuzi, ambapo yule mwalimu Mtaita alikuwa mwamuzi mkuu. Kila tangazo nililitoa mara mbili, kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kisomali, kama nilivyoagizwa. Mbio fupi zikaisha, kuruka juu kukaisha, kupokezana vijiti kukaisha kwa ugomvi mdogo wa kijiti kilichoanguka. Askari walishinda karibu yote, na hakukuwa na ubaya, walikuwa na viatu vya misumari na walikuwa wanakula.

Maili tatu ilikuwa mizunguko kumi na miwili. Timu ya askari ilimtegemea koplo mmoja kutoka bara, mkimbiaji hasa, mtu mpole. Yule mchunga ngamia alipewa kaptura, akaikataa. Aliipitisha macawis yake, kikoi cha wanaume wa kwetu, katikati ya miguu akaifunga kiunoni, akasimama mstarini peku peku.

Nikanyamaza. Bastola ikalia.

Alitoka kama aliyefukuzwa. Mzunguko wa kwanza watu walimcheka, maana hakujua kujipima, na mimi pia nilitabasamu juu ya meza yangu. Mzunguko wa tatu koplo alikuwa ameanza kumvuta. Wa nne alikuwa bega kwa bega naye. Halafu yule bwana akafanya kitu ambacho sijakiona tena: alilegeza mabega, akainamisha kichwa kidogo, akaanza kukimbia kama mtu aliye peke yake. Miguu yake haikutoa sauti. Kwenye wa nane koplo alikuwa nyuma hatua ishirini, kwenye wa kumi hatua hamsini. Nilitangaza mizunguko iliyobaki kwa lugha zote mbili na sauti yangu ikaanza kupasuka. Alikata utepe, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia utepe maana yake nini, akaendelea, ukimning'inia kifuani. Alikimbia nusu mzunguko mwingine. Koplo alipomaliza ndiye aliyemfuata akamshika mkono.

"Imekwisha, ndugu," alimwambia, na wote wawili wakacheka, wanahema.

Mtaita alitia sahihi karatasi, akainuka mwenyewe kuniletea. Hakunifikia. Ofisa aliichukua mkononi mwake, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Huyo ametolewa," alisema. "Alitoka nje ya mstari wake. Mshindi ni koplo."

"Afande," Mtaita alisema, "maili tatu haina mistari. Wote wanakimbilia ndani."

"Mwalimu, una watoto wangapi?"

Mtaita aliangalia viatu vyake, akarudi mezani kwake polepole, akakaa. Ofisa alinigeukia.

"Yule mwenye kamera anasubiri. Tangaza."

Nikainua maikrofoni. Kwa Kiswahili nilisema: mbio za maili tatu, mshindi wa kwanza ni koplo, timu ya askari. Kila p ilikaa mahali pake. Kisha nikavuta pumzi, nikasema kwa Kisomali:

"Niliyoyasema sasa hivi nimelazimishwa. Aliyeshinda mmemwona kwa macho yenu." Nikataja jina lake, la baba yake, la babu yake. Nikataja ukoo. Nikasema ni mchunga ngamia wa upande wa Habaswein, na kwamba hakuna mwanamume uwanjani hapa, mwenye viatu au asiye navyo, aliyeweza kuona uso wake.

Uwanja ukalipuka. Wanawake walipiga vigelegele, wazee walirusha bakora juu, waliokaa kwa safu walisimama wote kwa pamoja. Na ofisa, ambaye hakujua neno la Kisomali, alitabasamu akapiga makofi. Alidhani wanamshangilia koplo. Mgeni wa Nairobi aliinua mkono kuwapungia. Watu walipoona hivyo wakazidi kucheka, machozi yakawatoka, wakaangukiana mabegani.

Hapo ndipo wasimulizi wa vibanda vya chai hukatiza. Nami naelewa. Kwa muda wa kumeza mate mara mbili, sijawahi kujiona mkubwa kama nilivyojiona pale. Sikumfikiria yule bwana hata kidogo. Nilikuwa najisikiliza mwenyewe nikirudi kutoka kwenye honi za bati.

Nyuma ya ofisa alikuwa amesimama mkalimani wake, mtu wa kwetu. Aliinama akamnong'oneza sikioni. Tabasamu la ofisa halikuondoka mara moja, lilibaki usoni mwake kama kitu alichokisahau. Nilijikaza nikisubiri kipigo. Lakini hakunitazama. Alitazama uwanjani, kwenye pipa la maji, ambapo yule bwana na koplo walikuwa wanakunywa kwa kopo moja. Akasema neno, na askari wawili wakaondoka.

Walimshika mikono yote miwili. Koplo akasema kitu, nikaona anajipiga kifua, kama mtu anayesema nimekimbia naye huyu, namjua. Akaamriwa asogee, akasogea. Yule bwana akageuza kichwa akanitafuta. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayeuliza kama na hii ni sehemu ya mchezo.

Maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu. Betri ilikuwa nzima. Watu elfu na zaidi walikuwa kimya sasa, wakingoja, na mgeni wa Nairobi alikuwa pale, na kamera ilikuwa pale. Ningeweza kusema kwa Kiswahili: tulimwahidi atarudi kwake. Maneno matatu tu. Sikusema. Niliiweka maikrofoni mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Kofi lilikuja baadaye, nyuma ya turubai, na baada ya kofi ofisa alizungumza kwa ile sauti yake ya chini.

"Nakushukuru, mwalimu. Daftarini alijiandikisha kwa jina lingine. Ndugu yake yuko porini na bunduki, tumemtafuta mwaka mzima. Wewe umenisomea mpaka babu."

Mimi nilifungiwa siku tatu, nikang'oka jino moja, nikarudishwa darasani kwa kuwa walimu hawakuwepo. Yeye alikaa miezi saba. Hakuna aliyejua wapi.

Nilipotoka nilikwenda kijijini kumwona mkewe. Nilikuwa nimejiandaa. Njiani kote nilipanga maneno: nilisema kweli, nisingeweza kuvumilia uongo ule, haki ya mtu haifichwi. Alinikuta kwenye seng'enge na yule mtoto mgongoni, akaniacha niseme yote mpaka mwisho.

"Mume wangu alishinda mbele ya macho ya watu wote," alisema. "Waliona. Mimi niliona. Nani alikuomba utuambie?"

 Jibu lake nimelitafuta miaka mingi.

"Walikupa chombo cha kusemea," aliendelea, "ukasema kwa ajili ya mdomo wako. Ulipotakiwa kusema kwa ajili yake ukanyamaza. Nenda."

Mumewe aliporudi, alitembelea pembe za nje za nyayo, kama mtu anayekanyaga makaa. Nilimwona mara moja kijijini, kwa mbali, nikageuza njia. Naweza kuwakasirikia wengi kwa ajili ya nyayo zile. Namkasirikia ofisa, ambaye alipanda cheo mara mbili, akafa mzee kitandani mwake. Siku tangazo la kifo chake lilipopita redioni nilizima kabla halijamalizika. Namkasirikia yule mkalimani, aliyepata duka zuri mjini na akafa akiitwa hajji. Namkasirikia Mtaita, ingawa alinifuata kwa machozi kabla ya kuhamishwa na nikamwambia yaishe. Hayakuisha. Mtu aliyenifundisha nisitangaze bila sahihi aliona karatasi yenye sahihi yake inaingia mfukoni, akaketi. Alikuwa na watoto wanne. Najua. Na yule bwana alikuwa na mmoja.

Lakini hasira ya hao ina mwisho, hufika mahali ikachoka. Iliyobaki ni ya mtu aliyekuwa na maikrofoni.

Mwaka uliofuata walinitaka tena nitangaze. Nikasema nimepoteza p yangu kwa sababu ya jino. Lilikuwa jibu la mzaha, na hata hilo watu walilicheka na kulipenda. Sikushika kipaza sauti tena mpaka nilipostaafu.

Vita viliisha, vijiji vikafunguliwa, watu wakatawanyika. Ilipita miaka kama kumi ndipo nilipokutana na yule bwana katika soko la mifugo hapa mjini. Alikuwa amehamia upande wa Hulugho, ana mbuzi, ngamia hakupata tena. Alichechemea mpaka nilipo, akanishika mkono yeye kwanza.

"Walaal, umenenepa," alisema, akiniita ndugu.

Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta. Niliomba msamaha, kwa maneno machache kuliko yale niliyoyapanga zamani. Alisikiliza huku akichora mchanga kwa fimbo yake.

"Mimi nilikusamehe zamani," alisema. "Nilikuwa na mambo mazito zaidi ya kubeba huko ndani, nikakuweka chini. Lakini niambie kitu kimoja. Nilikimbia kwa muda gani? Yule koplo aliniambia kulikuwa na watu wenye saa."

Kulikuwa na watu watatu wenye saa. Muda uliandikwa kwenye ile karatasi, chini ya jina. Sikuwahi kuusoma, na siku ile katika maneno yote niliyotangaza sikumuuliza hata mmoja wa wale watatu. Nikamwambia sijui.

"Haya," alisema. Niliona kwamba hilo lilimuuma, na kwamba hakutaka nione.

Kisha akasema, "Msamaha wangu ni wangu. Wa mke wangu kamwombe mwenyewe. Yuko pale anauza maziwa."

Alikuwa amekaa na madumu mawili mbele yake, uso umekauka, lakini nilimtambua. Naye alinitambua kabla sijafika. Nilichuchumaa nikamwomba mbele ya wateja wake. Akasema hapana. Halafu akamgeukia mwanamke aliyekuwa nyuma yangu na chupa tupu, akamuuliza anataka kiasi gani.